Macho ya Lea

Tafakari ya wiki
Masomo: Mwanzo 29:16–35; Mwanzo 49:29–31; Ruthu 4:11



Labani alikuwa na binti wawili, na Biblia inapotutambulisha kwao inafanya kile ambacho majirani wamekifanya tangu zamani: inawasimamisha bega kwa bega. Raheli anasifiwa umbo na uso. Lea anatajwa macho yake tu, kwamba yalikuwa dhaifu. Hatuambiwi kimo chake, sauti yake, bidii yake wala akili yake. Mama wa makabila sita ya Israeli ameingia katika Maandiko kwa kasoro ya macho.

Tunapoisoma sura ile haraka, tunakimbilia miaka saba ya Yakobo na ujanja wa usiku wa harusi. Wiki hii nawaomba tukae na Lea. Nimekuwa na mazungumzo marefu na mama mmoja wa usharika wetu ambaye naye kwa miezi kadhaa amejiona kuwa ni macho tu. Amenipa ruhusa niyaeleze, mradi nisimtaje jina.

Mama huyu ni mfanyabiashara aliyevuka miaka hamsini. Kope zake za juu zilikuwa zimelegea, jambo linalowapata wengi wetu umri unaposogea: ngozi inalala juu ya mkunjo, mafuta yanajitokeza, jicho linaonekana dogo. Dukani wateja walimuuliza, "Mama, unaumwa?" Kwenye vikao vya harusi akaulizwa kama jana hakulala. Alichoka kujieleza. Akadunduliza fedha, akasafiri hadi Istanbul, akafanyiwa upasuaji wa kope, akarudi amevaa miwani myeusi. Alipoivua, jicho la kulia lilikuwa limefunguka vizuri na mkunjo wake umekaa juu. La kushoto mkunjo ulikuwa chini, na kope yenyewe kama inasinzia.

Kwenye sherehe ya kumuaga binti wa ndugu yake alipigwa picha. Picha ikaingia katika kundi la WhatsApp la ukoo, na mtu mmoja akaikuza, akaikata mpaka yakabaki macho peke yake, akairudisha kundini na vikaragosi vya kucheka. Jumapili iliyofuata nafasi yake kwenye kwaya ilikuwa wazi, na ikawa hivyo kwa muda mrefu.

Aliponijia ofisini hakuleta swali la imani. Aliketi kwenye kiti cha karibu na dirisha, akavua miwani, akaugeuza uso kwenye mwanga. "Baba mchungaji, wewe usinifiche. Yako sawa, au hayako sawa?"

Mtu akiulizwa hivyo ana njia mbili rahisi. Ya kwanza ni kukemea: ulitaka nini kwenye kisu, hukuridhika na kazi ya Mungu? Ya pili ni uongo mtamu: mbona yako sawa kabisa, mama, ni mawazo yako tu. Njia zote mbili zinamfukuza mtu, ya kwanza kwa ukali na ya pili kwa upole. Nilimjibu, "Hayako sawa, mama. La kushoto liko chini kidogo." Akashusha pumzi. "Afadhali wewe umesema. Nyumbani wote wananiambia naota."

Kuhusu kukemea, napenda niseme wazi, kwa sababu najua baadhi yenu mngenitarajia nianzie hapo. Mwaka 1818 daktari Mjerumani Karl Ferdinand von Graefe aliandika juu ya upasuaji wa kutengeneza upya kope zilizoharibiwa na saratani. Hapa kwetu, wilayani Kongwa mkoani Dodoma, ugonjwa wa trakoma, ambao wengi tunauita vikope, umechunguzwa na kutibiwa kwa miongo mingi. Ugonjwa huo huikunja kope kwa ndani hadi nywele zake zikakwaruza jicho, na bibi zetu wengi wameokolewa wasipofuke na mtu aliyeikata kope ile na kuigeuza. Hata ngozi iliyolegea ikining'inia sana huziba sehemu ya juu ya kuona, na kuipunguza ni tiba. Kwa hiyo kisu kwenye kope si dhambi. Na mtu ambaye haoni shida yoyote ila amechoka kuulizwa kama anaumwa, naye ana uchovu wa kweli. Tumsikilize kwanza.

Nilimsindikiza kwa daktari bingwa hapa nchini. Nilitegemea daktari achukue rula na taa. Zilikuja baadaye. Kwanza aliomba picha za zamani, na mama akatoa kwenye mkoba picha ya harusi yake, ile ya studio yenye pazia la bluu. Daktari akaiweka mezani, akaonyesha kwa ncha ya kalamu: nyusi ya kushoto ya bibi harusi iko chini kuliko ya kulia, na kope ya kushoto inafunika sehemu kubwa zaidi ya jicho. Miaka yote hiyo picha ilikuwa ukutani sebuleni, hakuna aliyeliona. Mama aliitazama kimya. Kisha akasema, "Ina maana baba watoto ameishi na jicho hili miaka yote asiseme kitu?"

Daktari akacheka, kisha akaeleza, na maelezo yake ndiyo yaliyonirudisha kwa Lea. Hakuna uso wa mwanadamu ambao nusu zake mbili zinalingana. Nyusi moja huwa juu, tundu la jicho moja huwa na kina zaidi, na huenda msuli mmoja wa kuinua kope ukawa na nguvu kuliko mwenzake. Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ngozi ya mahali pengine popote mwilini, kwa hiyo tofauti ya milimita moja, ambayo mgongoni isingetambulika, kwenye kope inaonekana. Mpasuaji akikata kiasi kilekile pande zote mbili za uso usiolingana, kutolingana kunabaki. Wakati mwingine hata kunadhihirika zaidi, kwa sababu ngozi iliyokuwa imelificha jambo imeondoka.

Halafu kuna kanuni inayoitwa kwa jina la Ewald Hering, mwanafiziolojia Mjerumani wa karne ya 19. Ubongo hautumi amri moja kwa jicho la kulia na nyingine kwa la kushoto. Misuli ya kuinua kope hupokea amri moja ya nguvu ileile, kama maksai wawili chini ya nira moja. Kope moja ikiwa dhaifu, ubongo huongeza nguvu ili iinuke, na ile nzima nayo huinuliwa kwa nguvu hiyohiyo ya ziada. Siku mpasuaji akiisaidia ile dhaifu, ubongo hupunguza juhudi, na ile iliyoonekana nzima inashuka. Mgonjwa anasema, "Mmeniharibia jicho zuri." Kumbe jicho hilo nalo lilikuwa linashikiliwa juu kwa juhudi. Ndiyo maana daktari mwangalifu, kabla ya kukata, huinua kope moja kwa kidole na kutazama nyingine inafanya nini.

Hapo nikaelewa kwamba tamaa ya kusawazisha ni ya zamani kama upasuaji wenyewe. Mwaka 1896 daktari Mjapani aitwaye Mikamo aliandika juu ya mshono wa kuweka mkunjo kwenye kope ya juu. Mwanamke aliyemfanyia alikuwa na mkunjo kwenye jicho moja, na jingine halikuwa nao. Upasuaji ambao leo unafanywa kwa wingi Korea Kusini na Japani ulianza kuandikwa kwa habari ya mtu aliyetaka jicho lake moja lifanane na mwenzake.

Sasa turudi nyumbani kwa Labani. Nao wale dada wawili walikuwa chini ya nira moja. Waliolewa na mume mmoja, na wiki moja tu ilitenganisha harusi zao. Mmoja akiinuliwa, mwingine anashuka. Andiko linasema Bwana aliona kwamba Lea hakupendwa. Akapata mtoto, akamwita Reubeni, akasema Bwana ameyaona mateso yake na sasa mumewe atampenda. Akapata Simeoni, akasema Bwana amesikia kwamba hapendwi. Akapata Lawi, akasema safari hii mume wake ataungana naye. Sikilizeni hesabu ya mama huyu: kila mtoto ni jaribio la kuinua upande wake ulingane na wa mdogo wake. Kwa mtoto wa nne, Yuda, hakumtaja mume wala dada. Alimsifu Bwana, basi.

Ningependa kuwaambia kwamba pale Lea alipona moja kwa moja. Sura ya 30 hainiruhusu. Mashindano yanarudi, wajakazi wanaingizwa, dada wanabishania tunguja za shambani, na anapozaliwa mtoto wa sita Lea anatumaini tena kwamba mume wake atakaa naye. Wala Raheli mwenye uso mzuri hakuwa salama. Ndiye aliyemlilia Yakobo ampe watoto, la sivyo atakufa. Yule aliyesifiwa uso alikitamani kitanda cha watoto cha dada yake, na yule mwenye watoto aliutamani uso wa mdogo wake. Kulinganisha hakuna mshindi, kwa sababu anayelinganisha hutafuta mahali alipopungukiwa, na pa kupungukiwa hapakosekani.

Hili ndilo neno ninalotaka mlichukue wiki hii: uso haukuumbwa ili nusu zake zishindane, na nyumba ya Mungu haikujengwa ili ndugu washindanishwe. Mama yetu hakuumizwa zaidi na ile milimita. Aliumizwa na mazoea ya kutazama upande mmoja na kuuhukumu kwa upande wa pili, asubuhi kwenye kioo, mchana kwenye simu, usiku akiwaza. Simu yenyewe ina hila. Ukijipiga picha kwa karibu, lenzi hukuza kilicho mbele na kupotosha uwiano wa uso. Na picha mara nyingi hugeuza upande ambao umeuzoea kwenye kioo, ndipo kasoro yako ya siku zote inakuja kama mgeni. Wahenga walisema macho hayana pazia. Ni kweli, huona kila kitu. Lakini Mungu aliyapa kope, ili tujue pia kuyafumba.

Angalieni jinsi Yakobo mwenyewe alivyofundishwa. Kijana huyu alitumia upofu wa baba yake Isaka kujipatia baraka. Miaka ilipopita, usiku wa harusi, macho yake yaliyochagua kwa uzuri hayakutambua ni dada yupi aliyeletwa hemani, hadi kulipopambazuka. Uzeeni, Mwanzo 48 inasema, macho yake nayo yalikuwa mazito asiweze kuona. Sura inayofuata, akiwa kwenye kitanda cha kufa, aliagiza azikwe katika pango la Makpela, akataja waliolala humo: Ibrahimu na Sara, Isaka na Rebeka, kisha akasema ndipo alipomzika Lea. Raheli alizikwa njiani, karibu na Bethlehemu. Sidai kwamba agizo hilo lilikuwa barua ya mapenzi, maana Makpela lilikuwa kaburi la ukoo. Nasema tu kwamba mtu aliyechagua kwa macho alikuja kulala kando ya yule ambaye macho yake hayakumchagua.

Vizazi vikapita. Langoni pa Bethlehemu wazee na watu wakambariki Boazi anapomwoa Ruthu, wakamwombea mke wake afanane na Raheli na Lea, wawili walioijenga nyumba ya Israeli. Wale wazee walikuwa watu wa Yuda, yaani wajukuu wa Lea, na jina walilolitanguliza ni la Raheli. Hakuna aliyeona haja ya kuendeleza ugomvi wa bibi zao. Nyumba ilikwisha kujengwa na wote wawili, na katika uzao wa Ruthu huyo akazaliwa Daudi, na katika uzao wa Daudi Bwana wetu.

Sasa maneno machache ya kutenda.

Kwako uliyefanyiwa upasuaji na unaona pande hazilingani: usitoe hukumu mapema. Nyuzi hutolewa baada ya siku 5 hadi 7 hivi, lakini uvimbe huendelea kupungua kwa wiki na hata miezi, na kwa kawaida upande mmoja hutangulia mwingine. Upande unaoulalia huvimba zaidi. Madaktari wengi husubiri miezi 3 hadi 6 kabla ya kufikiria marekebisho, na sababu yao ni ya msingi: ngozi iliyobaki inaweza kupunguzwa baadaye, iliyokatwa hairudi. Wapasuaji hujitahidi kubakiza takribani milimita 20 za ngozi kati ya nyusi na nywele za kope, ili jicho liweze kufumba. Ukikimbilia kisu cha pili wakati wa uvimbe, unaweza kubadilisha jicho lisilolingana kwa jicho lisilofumba. Mrudie daktari wako, umuulize kwa utulivu, chukua maoni ya daktari wa pili, beba picha zako za zamani.

Kuna jambo ambalo halingoji. Maumivu makali ya ghafla, uvimbe mgumu unaolisukuma jicho nje, au kuona kunakofifia katika saa za kwanza baada ya upasuaji ni dharura. Damu inaweza kuwa inakusanyika nyuma ya jicho na kuubana mshipa wa kuonea. Usisubiri asubuhi, wala usinipigie mimi kwanza nikuombee. Nenda hospitali, nami nitakuombea ukiwa njiani. Na kama jicho halifumbi ukilala, linawasha na kukauka, mwone daktari mapema, maana mboni inahitaji machozi.

Kwako unayefikiria kufanya: muulize daktari mambo ambayo matangazo hayayasemi. Je, tatizo langu ni ngozi, au ni msuli wa kope? Kupunguza ngozi hakutibu msuli uliolegea. Je, nyusi zangu zinalingana kabla hujanigusa? Na nikirudi nyumbani, nani atanihudumia ikiwa matokeo hayataniridhisha? Mama yetu aligundua kwamba bei aliyolipa haikuhusisha safari ya pili.

Kwa wale ambao kasoro ndogo imewakamata kiasi cha kushindwa kwenda kazini au kanisani, wanaojikagua saa nzima mbele ya kioo na kuona uharibifu ambao wengine hawauoni: hali hiyo inajulikana na wataalamu wa afya ya akili, na ina matibabu. Kwa kawaida upasuaji juu ya upasuaji hauitulizi. Kumwona mtaalamu si kukosa imani. Mlango wangu uko wazi, nami nitakusindikiza kama nilivyomsindikiza mwenzako.

Mama yetu bado anasubiri. Daktari amemwambia arudi miezi sita itakapotimia, na huenda akafanyiwa marekebisho madogo ya kope ya kushoto, au akaamua kuiacha ilivyo. Vyovyote atakavyoamua, hilo ni lake na daktari wake. Lililo letu ni jinsi atakavyokuta tunamtazama.

Tuombe. Ee Mungu uliyemwona Lea kabla ya mumewe kumwona, utufundishe kutazama uso mzima wa mtu. Uwape waganga mikono ya uangalifu, uwape wagonjwa subira, na utuondolee ulimi unaopima wenzetu. Kwa Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.

Ndugu zangu, wiki hii kila mmoja afungue simu yake. Ikiwa humo mna picha ya mwenzako uliyoihifadhi au kuisambaza ili watu wamcheke, ifute leo. Kisha mpigie mwenyewe, kwa sauti na si kwa ujumbe, umwombe msamaha, na umwambie kwamba Jumapili utakaa naye benchi moja.